Mtoto Akisafiri, Ulimi Wake Utabaki Wapi?

Jioni moja, watoto walipokwisha kutoka darasani nami nikiwa nafuta ubao, alinijia mzazi mmoja wa Kadutu. Aliketi katika dawati la mwanafunzi, magoti yakimfikia karibu na kifua, akanyamaza kitambo. Kisha akasema:

"Mwalimu, nimepata nafasi ya kwenda Uhispania kusoma, miaka miwili. Nitakwenda na mke wangu na watoto. Wale wakubwa sina wasiwasi nao sana. Lakini huyu wa mwisho, mwanafunzi wako, ana miaka 8 tu. Hajui hata neno moja la Kihispania. Watamtia darasani, naye atakaa kama bubu. Nifanyeje?"

Nilitaka kumjibu upesi. Lakini aliongeza neno lililonizuia: "Na mama yangu, tangu aliposikia habari hiyo, hali chakula vizuri. Yeye haogopi kwamba mtoto atakuwa bubu. Yeye asema: Mtaniletea mjukuu asiyeweza kunisalimu."

Basi, wapenzi wasomaji, hizo ni hofu mbili katika nyumba moja. Baba aogopa kwamba mtoto hataipata lugha mpya. Nyanya aogopa kwamba mtoto ataipoteza ile ya zamani. Nilimwambia yule baba: "Kati yenu wawili, mama yako ndiye aonaye mbali." Leo nataka kueleza kwa nini nilisema hivyo. Jamaa nyingi za Bukavu zina watu wao ng'ambo, wengine kwa masomo, wengine kwa kazi, wengine kwa sababu vita viliwatawanya. Na nyumba nyingine zinafunga mizigo hivi sasa.

HOFU YA BABA

Kwanza, tusimdharau mtoto wetu. Mtoto wa Bukavu mwenye miaka 8 si mgeni katika kazi ya lugha. Nyumbani husikia Kimashi, au Kilega, au Kihavu, au Kifuliru. Barabarani na sokoni hutumia Kiswahili. Darasani huulizwa kwa Kifaransa, na nyimbo nyingi azisikiazo redioni ni za Kilingala. Hakuna aliyemketisha na kumwambia: "Sasa utajifunza lugha nne." Alijifunza kwa sababu nyanya alisema hivi, mwenziwe wa mchezo alisema vile, naye alitaka kusikilizana nao wote. Mtoto wa namna hiyo amekwisha kujua siri kubwa ambayo watu wazima wengi wa Ulaya hawaijui: kwamba kitu kimoja chaweza kuwa na majina mengi, na kila jina lina watu wake.

Tena, lugha yenyewe ya Kihispania si ya kumwogopesha. Ni lugha ya watu karibu milioni 500 tangu utoto wao. Ni lugha rasmi ya nchi 20, na mojawapo ya nchi hizo iko Afrika hapa hapa: Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru wake kutoka kwa Uhispania tarehe 12 Oktoba 1968. Ndiyo lugha aliyolelewa nayo Baba Mtakatifu Fransisko huko Argentina, yeye aliyekuja Kinshasa mwaka 2023, akawasikiliza watu wa mashariki walioumizwa na vita.

Mtoto asemaye Kiswahili ana msaada mkubwa katika lugha hiyo. Vokali za Kihispania ni 5, a, e, i, o, u, nazo husomwa kama zetu, bila kugeuka-geuka kama zile za Kifaransa. Herufi yao ñ ni "ny" ya neno letu nyanya. "Ch" yao ni ile ya chakula. Herufi h huandikwa lakini haitamkwi. Katika sehemu kubwa ya Uhispania z husikika kama "th" ya thelathini, bali katika Kuba na nchi za Amerika husikika kama s. Shida moja tu yatungoja sisi watu wa Kivu, ambao wengi wetu huchanganya l na r. Kwa Kihispania "pelo" ni nywele, "pero" ni lakini, na "perro", kwa r ya kutetemesha ulimi, ni mbwa. Asiyeangalia atasema kwamba amekwenda kwa kinyozi kukatwa mbwa.

Sarufi nayo ina milango tunayoifahamu. Mfaransa hawezi kusema kitenzi bila kutaja kwanza mimi, wewe au yeye. Mhispania aweza, kama sisi. Sisi twasema "nasema, wasema, twasema"; yeye asema "hablo, hablas, hablamos". Sisi twamweka mtu mbele ya kitenzi, wao wamweka mkiani, lakini katika lugha zote mbili mtu yumo ndani ya neno lenyewe. Hali kadhalika, Kifaransa kina kitenzi kimoja cha "kuwa", na Kihispania kina viwili. "Es maestro", maana yake, ni mwalimu. "Está en casa", maana yake, yuko nyumbani. Wageni wengi huhangaika na jambo hilo miaka mingi. Mtoto wetu, ambaye tangu utoto hutenga "ni" na "yuko", amekwisha kushika ncha ya kamba. Si kila mahali mambo hulingana, lakini mwanzo ameupata.

Kisha kuna maneno ambayo ni ndugu. Waislamu kutoka Afrika ya Kaskazini waliingia Uhispania mwaka 711, na ufalme wao wa mwisho, Granada, ulianguka mwaka 1492. Katika karne hizo Kihispania kilipokea maneno mengi ya Kiarabu, kama Kiswahili nacho kilivyopokea huku pwani ya Afrika. Ndiyo sababu sisi twasema sukari, nao husema "azúcar". Sisi twamtaja mtu tusiyetaka kumtaja jina kwa kusema fulani, nao husema "fulano". Wazee wetu walisema "tangu asubuhi hata jioni", nao neno lao la "mpaka" ni "hasta", ambalo shina lake ni hilo hilo la hata. Maneno mengine tuliyapata kwa Wareno, ambao lugha yao ni ndugu wa Kihispania: meza ni "mesa", bendera ni "bandera", mvinyo ni "vino".

Nilimwandikia mwanafunzi wangu maneno hayo katika karatasi, akaikunja na kuitia mfukoni.

WAZIRI NA KIJANA

Lakini wepesi wa lugha hautoshi. Yafaa tuulize: kwa nini mtoto hujifunza, na mtu mzima mwenye akili nyingi hushindwa? Jibu moja tunalo karibu na kwetu, katika jimbo letu hili la Kivu ya Kusini.

Mwezi wa Aprili 1965 Ernesto Che Guevara, mzaliwa wa Argentina aliyekuwa waziri wa viwanda huko Kuba, alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma, akafika Kibamba, upande wa Fizi. Alikuja kwa siri na Wakuba wenziwe ili kuwasaidia waasi wa wakati ule. Ili kuficha majina yao, walijiita kwa hesabu za Kiswahili. Victor Dreke aliitwa Moja, José María Martínez Tamayo aliitwa Mbili, na Guevara mwenyewe aliitwa Tatu. Hapa hatupimi siasa yao wala vita vile, vilivyowaliza watu wengi. Twatazama jambo moja tu, nalo ni lugha.

Tatu alihitaji mwalimu wa Kiswahili na mkalimani. Alipewa kijana wa upande wetu huu wa Kivu, jina lake Freddy Ilanga, mwenye umri wa miaka kama 16. Kijana akawa mwalimu, na waziri akawa mwanafunzi. Walikuwa pamoja miezi 7, hata mwezi wa Novemba 1965, Wakuba walipoondoka wakiwa wameshindwa.

Baadaye Guevara aliandika habari za safari ile, akahesabu makosa yake mwenyewe bila kujionea huruma. Mojawapo ya makosa aliyoyakiri ni hili: hakujifunza Kiswahili upesi wala kwa kina. Na sababu aliyoitoa yafaa ikumbukwe na kila mzazi na kila mwalimu. Alijua Kifaransa. Kwa Kifaransa aliweza kuzungumza na wakubwa, basi hakusukumwa kuzungumza na wadogo. Na hivyo alikaa mbali na askari wa kawaida waliokuwa wengi. Lugha aliyoijua ndiyo iliyomzuia kupata ile aliyoihitaji.

Sasa tumtazame yule kijana. Wakuba walimpeleka Kuba. Yeye alidhani kwamba atakaa huko muda mfupi tu. Huko hakukuwa na njia ya kukwepa. Ukitaka mkate, ni Kihispania. Ukitaka rafiki, ni Kihispania. Ukitaka kusoma, vitabu vyote ni Kihispania. Ilanga alijifunza lugha ile, akasoma udaktari kwa lugha ile, akawa mpasuaji wa ubongo. Fikirini, enyi wanafunzi mnaolalamika juu ya imla ya Kifaransa: kijana aliyetoka katika vichaka vya vita akafikia kushika kisu na kufungua kichwa cha mgonjwa ili kumponya, naye amejifunza kazi hiyo yote kwa lugha aliyoikuta ukubwani.

Msidhani nasema kwamba mtu mzima hawezi kabisa. Baba Mtakatifu Leo wa 14, mzaliwa wa Chicago, alifika Peru mara ya kwanza mwaka 1985, akiwa padre kijana wa shirika la Mtakatifu Agustino, karibu na miaka 30. Alifundisha Trujillo, na baadaye akawa Askofu wa Chiclayo. Tarehe 8 Mei 2025, alipotokea mara ya kwanza mbele ya watu huko Roma, alisema kwa Kiitalia, kisha akasimama na kuwasalimu watu wake wa Chiclayo kwa Kihispania. Aliyekaa na wadogo alipata lugha ya wadogo. Basi tofauti haiko katika umri peke yake. Iko katika kuhitaji, na katika kukubali kukosea mbele ya watu. Mtoto ana vyote viwili. Mtu mzima aona haya, hutafuta njia ya mkato.

Kwa hiyo nilimwambia yule baba: "Mtoto wako atanyamaza majuma mengi, labda miezi. Usiogope, wala usimpige, wala usimsukume kusema mbele ya wageni. Yeye atakuwa anasikiliza, kama mwindaji asikilizavyo. Kisha utamsikia akitoa maneno ya mchezo: nipe, ngoja, zamu yangu. Baada ya mwaka mmoja au miwili atacheza na kubishana kama wenziwe." Nikamwongezea jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Walimu waliochunguza watoto wahamiaji wameona kwamba lugha ya kucheza huja upesi, bali lugha ya vitabu, ya kueleza hesabu na historia, huchukua miaka 5 au zaidi. Hivyo mtoto asemaye vizuri uwanjani aweza bado kupata alama mbaya darasani, na hiyo si dalili ya ujinga wala uvivu.

Nilimwambia pia aulize mapema watakaa mji gani. Katika Uhispania kila mtoto wa miaka 6 hadi 16 ni lazima asome, hata mgeni. Lakini akifika Barcelona, kwa mfano, atakuta kwamba shule hufundisha hasa kwa Kikatalani, na Kihispania atakipata pia barabarani. Kwa mtoto wetu hilo si ajabu. Ni kama Kifaransa cha darasani na Kiswahili cha njiani.

USIMFANYE MTOTO KINYWA CHAKO

Yule baba alicheka, uso ukamfunguka. Akasema: "Basi, Mwalimu, ni vizuri sana. Mimi mwenyewe nitakuwa na masomo mengi, na mke wangu ataona haya kusema. Mtoto atatusaidia sokoni na kwa daktari."

Hapo ndipo nilipomwomba akae tena.

Naliifahamu jamaa moja iliyokaa ng'ambo miaka kadhaa. Binti yao mkubwa, wa miaka 10, alijua lugha ya kule kuliko wazazi wake. Alikwenda na mama yake kila mahali, akasema kwa ajili yake. Siku moja walikwenda kwa daktari. Daktari alisema neno zito, la ugonjwa mkubwa uliohitaji matibabu ya haraka. Binti alilisikia, akalielewa. Akamgeukia mama yake, akasema: "Mama, amesema upumzike." Hakuwa mwongo. Alikuwa mtoto aliyepewa mzigo wa mtu mzima, akautua mahali alipoona patamwumiza mama kidogo. Majuma mengi yalipita kabla baba hajajua ukweli. Mama alipona, Mungu ashukuriwe, lakini binti yule aliniambia akiwa mtu mzima kwamba hata leo huota ndoto ya chumba kile.

Mtoto mkalimani huona mambo ambayo hayamfai kuyaona. Humsikia karani akimdharau baba yake, naye ndiye atakayeitafsiri dharau hiyo. Hujua fedha za nyumbani zimepungua kiasi gani. Na polepole, bila mtu kukusudia, amri ya nyumba hugeuka. Aliyekuwa akiuliza ruhusa ndiye sasa atoaye majibu. Mwalimu akiita wazazi kwa sababu mtoto amefanya vibaya, mtoto huyo huyo ndiye asimamaye katikati kueleza kosa lake. Nani atashangaa akilieleza kwa upole?

Kumtuma mtoto kuuliza bei ya nyanya sokoni si vibaya. Humpa furaha na mazoezi. Lakini kwa daktari, kwa polisi, katika ofisi za hati na karatasi, atafutwe mtu mzima: jirani, mtu wa parokia, mkalimani wa kazi hiyo. Na wazazi nao waingie darasa la jioni, wakosee, wachekwe, waendelee. Mtoto aonaye baba yake akihangaika na "pero" na "perro" mezani hujifunza kwamba kusoma si kazi ya wadogo peke yao.

HOFU YA NYANYA

Sasa nirudi kwa yule nyanya asiyekula vizuri.

Habari za Freddy Ilanga zina sehemu ya pili. Ule muda mfupi aliodhani kwamba atakaa Kuba uligeuka kuwa karibu miaka 40. Katika miaka hiyo yote alipotewa na jamaa yake, nao walipotewa naye. Alikuwa amekwenda bila baba, bila mama, bila ndugu wa kumwita kwa jina la nyumbani. Kisha, Kivu ikiwa imekwisha kuingia katika vita vya miaka hii ya karibuni, simu ililia nyumbani kwake. Waliokuwa wakipiga walikuwa watu wa jamaa yake, kutoka Bukavu. Katrin Hansing ametengeneza filamu juu ya maisha ya mtu huyo, na jambo hilo la simu ni mojawapo ya mambo ayasimuliayo. Ilanga aliaga dunia huko Kuba mwaka 2005.

Mimi nikifikiri juu ya simu ile, siwazi sana habari za vita wala za wakubwa. Nawaza mtu mwenye mvi, daktari wa kuheshimiwa, ameshika simu, na upande wa pili ni sauti za nyumbani. Miaka 40 ni mingi. Katika miaka hiyo wazee wamezikwa, watoto wamezaliwa na kuzaa, na kila mmoja wao ni neno ambalo hakulisikia likisemwa. Lugha ya ng'ambo ilimpa kazi, heshima na maisha. Lakini ile ya nyumbani haikai katika kitabu. Hukaa katika watu. Ukikosa watu wa kusema nao, ulimi hubaki kama jembe lililotundikwa ukutani.

Ndiyo maana nilisema nyanya aona mbali. Lugha mpya itamfuata mtoto yenyewe: darasani, uwanjani, dirishani. Haihitaji mlinzi. Lugha ya nyumbani ndiyo ihitajiyo mlinzi, kwa kuwa huko ugenini haina shule, haina duka, haina redio. Ina mlango mmoja tu, nao ni mlango wa nyumba yenu. Mkiufunga, imekwisha. Mtoto wa miaka 8 aliyejifunza Kihispania miaka miwili aweza kabisa kuanza kuwajibu wazazi kwa lugha hiyo, hata akiulizwa kwa Kiswahili. Wazazi wengine hufurahi, hudhani ni maendeleo. Wengine huona haya kusema Kiswahili ndani ya basi. Mwacha asili ni mtumwa, walisema wazee. Na asili haiachwi siku moja, huachwa neno kwa neno.

Je, hatutamchosha mtoto kwa lugha nyingi? La. Tumekwisha kuona kwamba mtoto wa Bukavu huzibeba nne bila kuinama. Lugha ya nyumbani haiizuii ile ya shuleni. Mtoto aliyezoea kusimulia vizuri kwa Kiswahili atasimulia vizuri kwa Kihispania, kwa maana jambo la kusimulia analo tayari. Linalomdhuru ni kukaa kati: lugha ya nyumbani nusu, na ya shuleni nusu, asiweze kusema la moyoni kwa yoyote kati ya hizo mbili.

Basi hayo ndiyo niliyomwandikia yule baba, nami nayatoa kwa kila jamaa iendayo safari.

Nyumbani semeni lugha ya nyumbani, yote, si ile ya amri peke yake. Mtoto asikiaye tu "kula, oga, lala" hatapata lugha ya kuzungumzia huzuni. Msimulieni habari, mtegeeni vitendawili, mwambieni jinsi baba na mama walivyokutana.

Sala ya jioni isemwe kwa lugha ile mtoto aliyoanza nayo kusali. Huko kanisani atasali kwa Kihispania pamoja na wengine, na ni vizuri. Lakini maneno ya kwanza ambayo mtu alimwita Mungu nayo yasiachwe njiani.

Mtoto ajue kuandika Kiswahili, si kukisema tu. Barua moja kila mwezi, hata ya mistari mitano, kwa nyanya au kwa mwalimu wake wa zamani. Siku hizi simu ni rahisi. Basi siku ya Jumapili apige simu, na mzazi asisimame kando akimjibia.

Akikosea Kiswahili, msimcheke. Mrudishieni neno lililo sahihi kwa upole, kama mlivyofanya alipokuwa mdogo. Mtoto achekwaye kwa lugha ya nyumbani hukimbilia ile asiyochekwa.

NENO LA SIMU

Majuma ya mwisho kabla ya safari, mwanafunzi wangu hakuonekana uwanjani baada ya masomo. Nilipouliza, niliambiwa kwamba kila jioni nyanya alimketisha jikoni, karibu na mafiga. Alimfundisha majina ya wazee wa jamaa, mmoja mmoja, na ya vilima walikotoka. Alimtegea vitendawili, akikosa alimwambia atoe mji, kama ilivyo desturi. Hakumkataza kwenda. Alimfungia chakula cha njiani, wala si cha tumbo.

Walisafiri. Miezi mitatu nyanya alipata simu kila Jumapili, na mtoto alisema machache tu: mzima, nasoma, kuna baridi. Darasani alikuwa bado ananyamaza, kama nilivyotabiri, na baba aliniandikia mara mbili kwa wasiwasi. Mwezi wa nne mambo yalifunguka. Siku hiyo mtoto alizungumza na nyanya mpaka fedha za simu zikaisha, zikaongezwa, zikaisha tena. Alimwambia habari za rafiki yake wa kwanza, na za mwalimu ambaye watoto humwita kwa jina lake bila kuongeza hata "mwalimu", jambo lililomshangaza sana nyanya. Kisha akasema: "Nyanya, ile karatasi ya Mwalimu ni kweli. Huku nao husema fulani."

Nyanya alikaa kimya kidogo. Halafu akacheka, akasema: "Kama husema fulani, basi si mbali sana. Lakini wewe usiwe fulani. Nitajie majina ya wazee."

Naye mtoto, kutoka Uhispania, akaanza kuyataja.